Beki Aliyefunga Bao Moja: Maisha ya Karl-Heinz Schnellinger

Jioni, baada ya masomo, tunapogawana nafasi kiwanjani, maneno huwa yale yale. Kila mmoja anataka kuwa senta-fowadi. Anayeambiwa acheze beki hununa, kana kwamba amepewa adhabu ya kufagia bweni. Sababu yake inajulikana. Fowadi akifunga bao hubebwa juu juu, lakini beki akizuia mabao matano hakuna anayehesabu. Akikosea mara moja tu, watu wote humnyoshea kidole.

Basi leo tujifunze habari za mtu mmoja aliyeifanya kazi hiyo isiyo na makofi muda wa miaka kumi na saba. Aliichezea nchi yake, Ujerumani ya Magharibi, mara 47, na katika michezo hiyo yote alifunga bao moja tu. Lakini bao hilo moja linakumbukwa mpaka leo, na nchi aliyoifunga ni ile ile iliyokuwa ikimpa mkate wake. Jina lake ni Karl-Heinz Schnellinger.

Utoto katika mji uliobomolewa

Schnellinger alizaliwa tarehe 31 Machi 1939 katika mji wa Düren, ulio upande wa magharibi wa Ujerumani, kati ya Köln na Aachen. Miezi mitano baadaye Vita Kuu ya Pili ikaanza. Tarehe 16 Novemba 1944, alipokuwa na umri wa miaka mitano, ndege za vita ziliupiga mji huo kwa mabomu hata ukawa karibu wote ni kifusi. Watu wapatao elfu tatu walikufa siku hiyo. Kwa hiyo kizazi chake ni kile cha watoto waliojifunza mpira mahali palipokuwa pakijengwa upya.

Baada ya vita Ujerumani iligawanyika, na tangu mwaka 1949 zikawa nchi mbili, ya Magharibi na ya Mashariki, mpaka zilipoungana tena mwaka 1990. Wajerumani hawakushiriki Kombe la Dunia la mwaka 1950. Lakini mwaka 1954, huko Bern katika Uswisi, timu ya Ujerumani ya Magharibi ikiongozwa na kocha Sepp Herberger iliwashangaza watu wote. Iliwashinda Wahungari kwa mabao 3 kwa 2, ingawa Hungaria ilikuwa haijashindwa kwa muda wa miaka minne. Schnellinger alikuwa kijana wa miaka kumi na mitano wakati huo, naye alikuwa akichezea klabu ya mji wake, Düren 99.

Siku njema huonekana asubuhi, wasema wahenga. Mwaka 1958 Herberger, yule yule kocha wa mwaka 1954, alimwita kijana huyo katika timu ya taifa, ingawa klabu yake ilikuwa ndogo na yeye alikuwa hajatimiza miaka ishirini. Akaenda naye Sweden katika Kombe la Dunia. Huko alionja utamu na uchungu. Katika mchezo wa kutafuta mshindi wa tatu, tarehe 28 Juni 1958, Wafaransa waliwafunga Wajerumani mabao 6 kwa 3, na Just Fontaine peke yake alifunga manne. Kwa beki kijana, kuona mpira ukiingia wavuni mara sita ni somo kali. Wapo wanaovunjika moyo kwa siku kama hiyo. Yeye hakuvunjika.

Köln, na swali la kuondoka

Mwaka huo huo alihamia klabu ya 1. FC Köln. Huko akawa beki wa kushoto anayesifiwa nchi nzima. Alikuwa na nywele za rangi ya dhahabu na miguu yenye nguvu, na mwendo wake ulimwezesha kupanda kusaidia mashambulizi kisha akarudi mahali pake kabla adui hajapata nafasi. Tarehe 12 Mei 1962, mjini Berlin, Köln iliifunga Nürnberg mabao 4 kwa 0 ikawa bingwa wa Ujerumani. Mwaka huo Schnellinger alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa nchi. Tena katika kura ya kumtafuta mchezaji bora wa Ulaya, akawa wa tatu, nyuma ya Josef Masopust wa Chekoslovakia na Eusébio wa Ureno. Ni jambo la nadra beki kupanda juu kiasi hicho.

Hata hivyo mwaka 1962 haukuwa wa furaha tupu. Huko Chile, katika Kombe la Dunia, Ujerumani ya Magharibi ilitolewa na Yugoslavia kwa bao moja lililofungwa zikiwa zimesalia dakika chache. Mwezi wa Septemba klabu ya Köln ilikwenda Scotland kucheza na Dundee katika Kombe la Ulaya, ikafungwa mabao 8 kwa 1.

Sasa yafaa tueleze jambo moja ambalo wasomaji wengi hawalijui. Wakati huo Ujerumani ya Magharibi haikuwa na ligi moja ya taifa zima. Klabu zilicheza katika sehemu zao, kisha washindi wa sehemu walikutana kutafuta bingwa. Mishahara ya wachezaji ilikuwa imewekewa kikomo, nao wengi walikuwa na kazi nyingine ya kuwalisha. Italia mambo yalikuwa mbali. Huko mchezaji aliweza kuishi kwa mpira peke yake, na kuishi vizuri. Kwa hiyo Wajerumani hodari wakaanza kuondoka mmoja mmoja: Horst Szymaniak alikwenda Catania mwaka 1961, na Helmut Haller alikwenda Bologna mwaka 1962.

Wahenga wetu walisema: mcheza kwao hutunzwa. Je, ni vizuri mtu kubaki kwao, au aende anakolipwa? Wajerumani wa siku zile walibishana sana juu ya swali hilo, nao walikuwa na mifano miwili mbele yao. Wa kwanza ni Uwe Seeler, fowadi wa Hamburg. Mwaka 1961 klabu ya Inter ya Milan ilimtaka kwa fedha nyingi mno. Akakataa, akabaki Hamburg, na watu wa nchi yake wakampenda kwa hilo mpaka alipokufa mwaka 2022. Mfano wa pili ni Schnellinger. Mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka ishirini na minne, alikubali kwenda Italia.

Na tazama jinsi mambo yalivyopishana. Tarehe 28 Julai 1962, mjini Dortmund, wakuu wa mpira wa Ujerumani walikuwa wamekata shauri kuunda ligi moja ya taifa, yaani Bundesliga. Ligi hiyo ilianza tarehe 24 Agosti 1963, na bingwa wake wa kwanza alikuwa Köln. Schnellinger alikuwa amekwisha kuondoka.

Nchi ya komeo

Klabu iliyomchukua ilikuwa Roma, lakini kwanza ilimwazima kwa Mantova, klabu ndogo ya kaskazini, akacheza huko msimu wa 1963-64. Aliporudi Roma alishiriki katika kulitwaa Kombe la Italia. Lakini Roma ilikuwa katika dhiki ya fedha, na mwaka 1965 ikamwuza kwa AC Milan. Huko ndiko alikokaa miaka tisa.

Ili tuelewe kazi yake Milan, yatupasa kujua namna Waitalia walivyocheza. Namna hiyo waliiita catenaccio, maana yake komeo la mlango. Shabaha yake ni rahisi kueleza. Kila fowadi wa adui hupewa beki mmoja wa kumfuata kila aendako. Nyuma ya mabeki hao husimama mtu mmoja asiye na wa kumfuata. Huyu huitwa libero, maana yake aliye huru. Mwenzake akipitwa, yeye huziba pengo. Mpira ukipenya, yeye huufagia. Timu hungoja kwa subira, na adui akisogea mbele mno, hupigwa pasi ndefu ya ghafula kwa fowadi mwepesi.

Watu waliosema kwamba mchezo huo haupendezi macho walikuwa wengi. Lakini kwa mwanafunzi wa mpira una mafundisho makubwa. Beki wa komeo hawezi kutegemea nguvu peke yake. Lazima asome mchezo kama mtu anavyosoma kitabu, ajue sentensi ijayo kabla haijafika. Akiukimbilia mpira kila mara, atachelewa. Akikaa mahali panapopasa, mpira utamjia. Tena lazima azungumze na wenzake, maana mlango wenye komeo lililolegea ni sawa na mlango ulio wazi. Schnellinger aliyajifunza hayo vema. Aliweza kucheza kushoto, kulia, katikati, hata mwenyewe kuwa libero. Watazamaji wa Milan wakampa jina la utani, Volkswagen, kwa kuwa alikuwa kama motokaa ile ya Kijerumani ambayo kila asubuhi huwaka.

Mwaka 1966, baada ya Italia kufungwa na Korea ya Kaskazini katika Kombe la Dunia, wakuu wa mpira wa Italia walikataza klabu zisilete wachezaji wapya kutoka nchi za nje. Katazo hilo lilidumu mpaka mwaka 1980. Wageni waliokuwa wamekwisha kuingia waliruhusiwa kubaki. Kwa hiyo Schnellinger akawa mmoja wa wageni wachache, na idadi yao ikapungua mwaka hata mwaka.

Wembley, 1966

Mwaka huo huo wa 1966 aliitwa tena na nchi yake kwa Kombe la Dunia huko Uingereza, sasa chini ya kocha Helmut Schön. Wajerumani wakafika mchezo wa mwisho, tarehe 30 Julai, katika uwanja wa Wembley. Hapa lazima tuseme kweli, maana somo lisilotaja makosa si somo. Siku hiyo Schnellinger alipata taabu kubwa. Mbele yake alikuwa Alan Ball, kijana wa miaka ishirini na mmoja, mdogo kuliko wote katika timu ya Uingereza, naye hakukoma kukimbia. Alimkimbiza Mjerumani huyo huku na huko hata miguu ikamwisha nguvu.

Dakika ya 89, Uingereza ikiongoza 2 kwa 1, Wajerumani walipiga mpira wa adhabu. Ukarukaruka kati ya miguu ya watu, ukamgonga Schnellinger, ukaenda upande wa pili, na beki mwenzake Wolfgang Weber akautia wavuni. Waingereza walidai kwamba umegonga mkono wake, lakini refa alikataa. Katika muda wa nyongeza ni Ball aliyekimbia tena upande ule na kumpasia Geoff Hurst. Hurst akapiga mpira uliogonga mwamba wa juu ukashuka karibu na mstari. Refa alikubali kuwa ni bao, na ubishi wake haujaisha. Hurst akaongeza jingine, na mchezo ukaisha 4 kwa 2.

Miaka ya vikombe

Schnellinger alirudi Milan. Klabu hiyo ilipata Kombe la Italia mwaka 1967, na mwaka 1968, chini ya kocha Nereo Rocco, ikawa bingwa wa Italia. Tarehe 23 Mei 1968, huko Rotterdam, Milan ilicheza mchezo wa mwisho wa kombe la Ulaya la washindi wa makombe. Adui alikuwa nani? Hamburg, na katika Hamburg alikuwamo Uwe Seeler, yule aliyekataa kuondoka. Aliyebaki na aliyekwenda wakakutana kiwanjani. Msweden Kurt Hamrin aliifungia Milan mabao mawili, na Hamburg haikupata hata moja.

Mwaka uliofuata, tarehe 28 Mei 1969, Milan iliifunga Ajax ya Uholanzi mabao 4 kwa 1 mjini Madrid, ikatwaa Kombe la Ulaya. Pierino Prati alifunga matatu, na katika Ajax alikuwamo kijana Johan Cruyff. Magazeti yalimsifu Prati, nayo yalikuwa na haki. Lakini tujiulize, ni nani waliomfanya Cruyff aondoke siku ile bila kufunga?

Azteca, 1970

Sasa tumefika kwenye bao lenyewe. Tarehe 17 Juni 1970, katika uwanja wa Azteca mjini Mexico, ulio juu ya bahari zaidi ya meta 2,200, mahali ambapo pumzi huwa nzito, Ujerumani ya Magharibi na Italia zilikutana katika nusu ya mwisho ya Kombe la Dunia. Siku tatu kabla, Wajerumani walikuwa wamewatoa Waingereza mabao 3 kwa 2 katika muda wa nyongeza, wakafika wamechoka.

Dakika ya 8 Roberto Boninsegna aliifungia Italia. Kisha Waitalia wakatia komeo. Wajerumani wakapiga mlango huo saa nzima na zaidi, haufunguki. Franz Beckenbauer aliangushwa, bega lake likateguka. Timu ilikuwa imekwisha kutumia wachezaji wake wawili wa akiba, basi hakutoka. Akafungwa mkono kifuani kwa bandeji, akaendelea kucheza.

Dakika ya tisini ilikwisha pita. Schnellinger, ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa kulinda nyuma, alikuwa amepanda mpaka mbele ya goli la Italia. Baadaye alipenda kusimulia kwa mzaha kwamba njia ya kwenda vyumbani ilikuwa nyuma ya goli lile, naye aliona mchezo umekwisha, basi akasogea awe karibu. Jürgen Grabowski akapiga mpira wa juu kutoka kushoto. Hakuna Mwitalia aliyekuwa akimwangalia beki huyo. Alijinyosha, akautia mguu, golikipa Albertosi hakuweza kuufikia. Moja kwa moja. Mtangazaji wa televisheni ya Kijerumani, Ernst Huberty, hakuwa na maneno mengi. Alisema tu, kwa mshangao, kwamba katika watu wote amekuwa Schnellinger!

Alikuwa na haki ya kushangaa. Aliyevunja komeo alikuwa fundi aliyekuwa akilifunga kila Jumapili katika Italia yenyewe. Waliokuwa mbele yake walikuwa watu aliowajua kwa majina, wengine wenzake wa Milan. Naye alijua kwamba baada ya siku chache atarudi kuishi miongoni mwa watu aliowafunga. Lakini siku ile alivaa jezi ya kwao, na mchezaji mwaminifu huitumikia jezi aliyoivaa.

Yaliyofuata katika nusu saa ya nyongeza hayajasahauliwa. Gerd Müller aliwapa Wajerumani bao la pili. Tarcisio Burgnich, naye beki, akasawazisha. Luigi Riva akaiweka Italia mbele. Dakika ya 110 Müller akasawazisha tena, mpira ukapita penye mwamba aliposimama Gianni Rivera, ambaye golikipa wake alimgombeza kwa hasira. Dakika iliyofuata Rivera huyo huyo alifika mbele ya goli la Wajerumani akafunga la nne. Italia 4, Ujerumani ya Magharibi 3. Na Rivera alikuwa nani? Mwenzake Schnellinger katika klabu ya Milan. Bamba la ukumbusho liliwekwa katika uwanja wa Azteca kuusifu mchezo huo. Siku nne baadaye Waitalia, wamechoka, walifungwa na Brazil 4 kwa 1.

Mwisho wa safari

Katika Makombe manne ya Dunia, ya 1958, 1962, 1966 na 1970, Schnellinger alicheza michezo 17. Uwe Seeler naye alicheza katika manne hayo hayo, na mwaka 1966 na 1970 ndiye aliyekuwa kepteni wake. Kwa hiyo aliyebaki na aliyekwenda wote waliitumikia nchi sawasawa.

Tarehe 8 Mei 1974 Schnellinger alicheza katika Milan mchezo mwingine wa mwisho wa kombe la Ulaya, ikafungwa 2 kwa 0 na Magdeburg, klabu ya Ujerumani ya Mashariki. Kisha akarudi kwao, akacheza msimu mmoja katika Bundesliga, ligi iliyoanza baada ya yeye kuondoka. Klabu yake, Tennis Borussia Berlin, ilishuka daraja, naye akaacha mpira mwaka 1975. Hakubaki Ujerumani. Alirudi Milan, akaishi huko hata kufa kwake, tarehe 20 Mei 2024, akiwa na umri wa miaka 85.

Basi, rafiki, kesho jioni ukiambiwa ucheze beki, usinune. Simama mahali pako, usome mchezo, uzungumze na wenzako. Bao lako huenda likachelewa miaka kumi na miwili, kama la Schnellinger, au lisije kabisa. Lakini wenzako wanaokwenda mbele huenda kwa sababu wanajua wewe uko nyuma.

Maswali

1. Kwa nini wachezaji wa Ujerumani ya Magharibi walikwenda Italia kabla ya mwaka 1963?
2. Eleza kwa maneno yako kazi ya libero. Kwa nini mchezo huo uliitwa komeo?
3. Schnellinger alipata taabu gani Wembley? Wewe ungemshauri nini?
4. Mwandishi asema kwamba ni ajabu Schnellinger kuwafunga Waitalia. Taja sababu mbili.
5. Andika insha ya ukurasa mmoja juu ya methali "Mcheza kwao hutunzwa", ukiwalinganisha Seeler na Schnellinger.